Kutoka Pwani Hadi Bumula: Haya Haimfungi Msafiri Mdomo



Mgeni anayekuja pwani yetu kupumzika hupewa nasaha nyingi kabla ya kufunga mizigo. Serikali ya kwao humweleza dawa ya kumeza, mitaa ya kuepuka na saa ya kurudi hotelini. Sisi wa pwani tunapoelekea bara katika likizo ya Disemba hatusomewi chochote. Tunapewa salamu za kupeleka, tende na halua za kubeba, na dua. Dua ni hazina, wala hatuipunguzii thamani. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kamba na amtegemee Mwenyezi Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Makala haya yanahusu kamba hiyo ya ngamia.

Tulikokwenda ni Bumula, katika kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, si mbali na mpaka wa Uganda. Wenyeji wake wengi ni Wabukusu, watu wa miwa, mahindi na ng'ombe. Wako binti za pwani walioolewa huko, na wako vijana wa huko waliooa kwetu, nao hupenda wazazi wao wawaone wajukuu. Shule zikifungwa, njia hujaa. Sisi tulikuwa familia mbili, watu tisa, wanne kati yao watoto, na tulikaa siku kumi. Tunaandika yale ambayo yafaa kila familia iyajue kabla ya kukata tiketi.

Njia hii si ngeni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili ilikuwa ikipanda kutoka baharini hadi kwa Nabongo Mumia wa Wawanga, mahali ambapo leo ndipo mji wa Mumias, kusini mwa Bumula. Mji huo ungali miongoni mwa vituo vya zamani vya Uislamu magharibi mwa Kenya. Wazee wale walitembea kwa miezi, kwa kundi, na kundi lilikuwa na kiongozi. Kilichowapeleka ni biashara, na kilichowarudisha salama, baada ya uwezo wa Mola, ni nidhamu ya msafara. Leo tunakwenda mwendo huo huo, zaidi ya kilomita 800, kwa siku moja au mbili. Umbali umepungua machoni petu, lakini hatari hazikupungua. Zimebadilika sura tu.

Jambo la kwanza tulilofanya ni sunna: kumteua amiri. Mtume alielekeza kwamba watu watatu wakisafiri wamchague mmoja wao awe kiongozi. Amiri wetu alikuwa mjomba, naye alichukua tiketi na kuamua mapumziko. Shangazi alikabidhiwa watoto na kuwahesabu kila tuliposhuka na kila tulipopanda. Nakala za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa ziliwekwa katika mifuko miwili tofauti. Pesa taslimu zilikuwa kidogo, nyingine zilibaki kwenye simu, na namba ya siri ya M-Pesa haikutajwa mbele ya mtu. Kila mtoto alishonewa mfukoni kikaratasi chenye namba mbili za simu za wazazi. Dada zetu walisafiri na maharimu wao, na hekima ya jambo hili ilionekana wazi katika vituo vya mabasi, ambako mwanamke aliye peke yake na mizigo na watoto huandamwa na kila anayetaka kumbebea.

Ibada nayo ilipangiwa wakati. Katika madhehebu ya Imam Shafi, safari ya umbali huu inaruhusu kupunguza swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Ruhusa hii ni rehema, na pia ni usalama, kwa kuwa inamwondolea msafiri haja ya kushuka mahali pasipofaa kwa kuchelea wakati. Aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili tangu anapofika. Kwa kuwa tulinuia siku kumi, tulipunguza njiani na kutimiza Bumula.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi tulipanda treni ya reli mpya iliyozinduliwa Mei 2017. Tulilala Nairobi kwa jamaa, na asubuhi yake, saa moja, tukapanda basi la mchana. Kulala huko kulitugharimu siku moja ya likizo, na wapo waliotucheka. Basi la usiku, walisema, lingetufikisha alfajiri. Hatutaki kubishana na mtu aliyefika salama usiku, lakini tunaomba kila mzazi aijue barabara ile kabla ya kuamua.

Baada ya Nakuru, barabara ya magharibi hupita Salgaa, kisha hupanda Migaa na Sachangwan kuelekea Mau Summit. Kwa miaka mingi malori mazito yanayoteremka mteremko ule yamekuwa yakishindwa na breki, na madereva wengine huondoa gia ili kuokoa mafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Disemba 2017, mnamo saa tisa za usiku, basi lililotoka Busia liligongana na lori hapo Migaa, na watu 36 wakafariki. Walikuwa wasafiri wa likizo kama sisi. Baadaye sehemu ile ilipanuliwa na kutenganishwa kwa ukuta wa zege, nalo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, mnamo Oktoba 2018 basi jingine lililosafiri usiku kutoka Nairobi kuelekea magharibi liliacha njia huko Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakaaga dunia. Usiku hauui kwa giza lake peke yake. Dereva amechoka, abiria wamelala, na hakuna jicho la pili linaloitazama barabara.

Jicho hilo la pili ndilo tunalotaka kulizungumzia hasa, kwa maana ni la abiria, na aghalabu ni la mama.

Tulipokwisha kupita Timboroa, mahali pa baridi na ukungu, dereva wetu alianza kuyapita malori kwenye kona asikoona mbele. Akina mama waliwakumbatia watoto na kuvuta istighfari. Wanaume walitazama simu zao. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza. Hapo shangazi alisimama, akashika kiti kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti ya kusikika isiyo na ukali: "Dereva, mwanangu, humu mna watoto. Twakuomba upunguze mwendo, na usiyapite malori konani. Tukichelewa hatutakulaumu." Palikuwa kimya kidogo. Kisha mama mmoja wa Kibukusu aliyeketi upande wa pili akadakia, "Mama asema kweli," na nyuma yake sauti nne au tano. Kondakta alinung'unika, lakini dereva alipunguza mwendo hadi Eldoret na baada ya Eldoret.

Tulipofika, mmoja wa dada zetu alimwuliza shangazi kama hakuona haya kupaza sauti mbele ya wanaume wageni. Swali hilo si dogo. Haya ni sehemu ya imani, na binti zetu hulelewa nayo tangu utotoni. Lakini haya ni kujizuia na lile linalomchukiza Mwenyezi Mungu. Kunyamaza mbele ya hatari ili watu wasikutazame ni jambo jingine kabisa. Bibi zetu wa zama za Mtume walisimama wakauliza mambo ya dini yao mbele ya watu, na wanawake wa Ansari walisifiwa kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza. Ikiwa haya haizuii elimu, vipi izuie roho za watoto? Shangazi alivaa buibui lake, aliongea kwa heshima, hakumtukana mtu. Hakuna kilichopungua katika haya yake. Kilichopungua ni mwendo wa basi.

Sheria nayo iko upande wa anayesema. Tangu kanuni za mwaka 2004 zilizoitwa kwa jina la waziri John Michuki, magari ya abiria nchini Kenya yanatakiwa yawe na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, na kila abiria awe na mkanda wa kiti. Mkanda usiofungika ni sababu tosha ya kuomba kiti kingine kabla gari halijaondoka. Mtoto afungwe wake, asipakatwe ndani ya mkanda wa mama, kwani kishindo kikitokea uzito wa mama humwangukia yeye.

Mapumziko ya njiani nayo yana adabu zake. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliingia kwenye magari na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 walifariki. Basi likisimama, tuwaondoe watoto ukingoni mwa lami, tununue tunachonunua tukiwa mbali na magari, na turudi pamoja. Lori la mafuta likianguka, tusilikaribie hata kwa kutazama. Mwisho wa Januari 2009, hapo Sachangwan, watu walikwenda kuchota petroli iliyomwagika, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Na biskuti, peremende au soda ya mtu tusiyemjua tuikatae kwa shukrani, kwani wako wanaotia dawa za usingizi ili kuwaibia abiria. Neno la kukataa ni jepesi: "Ahsante, ndugu yangu, tumeshiba."

Tuliingia Bungoma Alasiri, jua likiwa bado juu, na wakwe walikuwa kituoni. Kutoka mjini hadi nyumbani kwao ni mwendo wa nusu saa hivi kwa gari, barabara ya lami kisha ya murram, miwa imesimama pande zote mbili kama maji mabichi yasiyo na mawimbi. Jicho lililozoea bahari hupata raha ya namna yake hapo. Hewa ni nyepesi, ardhi nyekundu, na kila mtu anayekupita anakusalimu: "Mulembe." Maana yake ni amani, na jibu lake ni lilo hilo. Kwa sisi tunaosalimiana kwa salamu ya amani mara tano na zaidi kwa siku, neno hilo halikuhitaji tafsiri.

Miwa hiyo nzuri ina upande wake wa kuogopwa. Matrekta yanayoivuta kupeleka viwandani hutembea na matela marefu, mengine bila taa za nyuma, na giza likiingia hayaonekani mpaka umeyafikia. Tulikubaliana kuwa baada ya Magharibi hakuna wa kutoka kwa gari wala pikipiki ila kwa dharura.

Pikipiki ndizo miguu ya Bumula. Jina boda boda lenyewe lilizaliwa jirani, huko Busia, kwa baiskeli zilizowavusha watu mpakani. Sheria inataka abiria mmoja tu na kofia ngumu kwa wote wawili. Sisi akina mama tuna jambo letu zaidi: buibui, abaya, mtandio na leso hunaswa na mnyororo au magurudumu, na nguo ikivutwa humwangusha mwenyewe kabla dereva hajajua. Kabla ya kupanda, tukusanye pindo na kulibana chini ya paja, tufunge ncha za mtandio ndani, na tuvae suruali pana chini ili tusitiri na tukae imara. Mwendeshaji mmoja alitaka kuwapakia dada zetu wawili na mtoto pamoja, akasema huko ndivyo wanavyofanya. Mkubwa wao alimjibu, "Kaka, twakushukuru, lakini tutakwenda mmoja mmoja," akalipa nauli mara mbili. Nauli ile ni sehemu ya kamba ya ngamia.

Usiku wa kwanza ulituonyesha hatari ambayo wengi wa pwani hatuijui. Bumula imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na baridi ya usiku huwapata sana waliozoea joto. Bibi mwenye nyumba, ambaye wajukuu humwita kukhu, alituonea huruma akaleta jiko la makaa chumbani tulale nalo. Huo ulikuwa ukarimu mtupu. Lakini makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu katika usingizi wake. Shangazi alimshika mkono akamwambia, "Kukhu, moto wako umetupasha mikono na moyo. Sasa tulitoe nje, tulale kwa mablanketi." Kukhu hakukasirika hata kidogo. Aliongeza mablanketi mawili, na kesho yake alisimulia mambo yaliyowahi kutokea kwa majirani. Mwenyeji mwema hataki mgeni wake adhurike. Anachohitaji ni kuambiwa kwa lugha ya upendo. Mwenye mtoto wa selimundu na azidishe hadhari: nguo nzito, maji ya kutosha na dawa zake mkobani, kwani baridi huweza kuamsha maumivu.

Mbu nao wasidharauliwe. Hatusemi hivi kwa sababu pwani haina malaria, bali kwa sababu mazoea hutudanganya. Maeneo ya magharibi karibu na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Kila kitanda kiwe na chandarua, mama mjamzito amwone daktari kabla ya kuondoka, na mtoto akipata homa apelekwe kupimwa siku hiyo hiyo. Homa ikija wiki mbili au tatu baada ya kurudi, tumweleze daktari kuwa tulisafiri. Maji ya kunywa ya chemchemi na visima tuyachemshe.

Watoto wetu waliozaliwa na bahari hujiona mabingwa wa kuogelea. Mto Nzoia na vijito vyake si bahari. Maji yake ni ya udongo, chini hapaonekani, mkondo huvuta bila wimbi la kutahadharisha, na maji yasiyo na chumvi hayambebi mtu kama ya baharini. Tuliwapeleka kuutazama mto wakiwa wamesimama mbali na ukingo. Aidha, mvua za huko aghalabu huja mchana pamoja na radi kali. Wingu likinguruma, watoto waondoke shambani na chini ya miti, waingie nyumbani.

Anayekwenda Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili atakuta msimu wa tohara wa Wabukusu. Makundi ya watu hutembea barabarani kwa nyimbo na njuga, usiku na alfajiri. Ni mila yao yenye heshima kwao. Aliye na gari aende polepole sana, na familia iwaache wapite.

Katika mambo ya adabu tulipata nafuu tusiyoitarajia. Wanawake wetu walisalimia wanaume kwa kuweka mkono kifuani, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa huko pia mkwe wa kiume hampi mkono mama mkwe wake. Kuhusu kuku wa mgeni, tuliwaarifu mapema kwa simu kwamba mjomba ndiye atakayechinja. Walifurahi kuambiwa mapema kuliko kuona sahani imerudishwa.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito. Nyumba ya ndugu ina wageni wengi wakati wa likizo: binamu, rafiki wa binamu, kijana wa kusaidia kazi. Watoto wetu tuliwalaza pamoja, wasichana na shangazi, wavulana na mjomba. Kabla ya kusafiri tuliwaambia kwa maneno mepesi kwamba hakuna mtu, hata akiwa mkubwa, hata akiwa jamaa, mwenye ruhusa ya kuwagusa sehemu za siri au kuwaambia waweke siri dhidi ya mama. Mtoto aliyefunzwa kuwa adabu ni kunyamaza mbele ya wakubwa hana silaha siku mkubwa akiwa ndiye hatari. Tumfunze adabu, na tumfunze pia kusema. Tutakaporudi tumwulize alivyopitisha siku zake, na tumsikilize mpaka mwisho.

Namba hizi ziandikwe kwenye simu na kwenye karatasi: 999 au 112 kwa polisi na dharura, 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya, 116 kwa msaada wa watoto, na 1195 kwa mwanamke au yeyote aliyepatwa na ukatili.

Tulirudi Mombasa kwa njia ile ile, mchana, na kwa treni. Mizigo ilijaa njugu, viazi vitamu na salamu. Watoto wanasema "mulembe" hadi leo wakigombana, kama alama ya kusitisha vita.

Ndugu zetu katika imani, safari ni kipande cha taabu, na Mtume alituhimiza tumalizapo haja zetu turudi haraka kwa ahali zetu. Anayerudi salama amepewa neema. Basi anayeketi ndani ya gari na kuona hatari asingoje mwingine aseme. Aseme yeye, kwa heshima, kwa jina la Mwenyezi Mungu. Tunamwomba Mola awahifadhi wasafiri wote wa likizo hii, awafikishe kwa wenyeji wao katika afya, na awarudishe majumbani mwao wakiwa wametimia kama walivyotoka. Amin.